Manjano ya Careen

Jumatatu, 7 Juni 1993

Tumerudi nyumbani Matogoro kutoka kujifungua. Binti! Careen. Baridi kali, ukungu umefunika milima. Mama mkwe wangu kanipikia uji mzito wa ulezi, anasema mtoto mweupe kama baba yake. Mume wangu Otto yuko Lusewa kwenye tumbaku, hajui bado. Leonce, kaka mtu, kalala mkekani, kamtazama mdogo wake, kacheka bila sauti.

Jumanne, 8 Juni

Macho ya Careen ni ya manjano. Nimempeleka kwenye mwanga, nimebonyeza pua — manjano. Kifua pia. Mama mkwe anasema watoto wengi hupitia hayo, nimwanike jua la asubuhi. Jua lipi, Juni hii?

Leonce alianza hivi hivi. Waliniambia ni rangi tu, itaisha. Akakataa titi, ikaja degedege. Sasa ana miaka mitano. Hasikii. Shingo haijakaza.

Huyu, hapana.

Jumatano, 9 Juni

Careen analala mno. Namtekenya nyayo, ananyonya kidogo, analala tena. Nikamfunga khanga, tukaenda hospitali. Mama kanuna, lakini kabaki na Leonce.

Nesi wa mapokezi: rudi siku ya kliniki. Nikamwambia nina mwingine nyumbani, naye tuliambiwa tusubiri. Akasema nisimfundishe kazi. Basi nikakaa pale pale mlangoni. Mgongo unauma, mwili bado mbichi — nimekaa!

Sista Zulfa wa wodi ya wazazi, mtu wa Tunduru, akasikia. Kamvua Careen nguo, kamtazama dirishani mpaka nyayo. “Alhamdulillahi umekuja, mama.” Kisha kamwita yule nesi: njoo, bonyeza mwenyewe. Nesi kabonyeza. Halafu kaniletea kiti.

Careen yuko chini ya taa ya buluu ya kuondoa manjano, macho kafungwa kitambaa. Namwamsha, namnyonyesha, namrudisha. Umeme unakatika, unarudi. Kila ukikatika nasimama.

Alhamisi, 10 Juni

Kipimo cha manjano kwenye damu kimepanda. Dakta Edmund anasema taa peke yake haitoshi. Abadilishwe damu, leo hii. Mimi ni kundi O, mtoto ni A. Damu zetu zimegombana. Anatakiwa mtu wa O. Mimi wamenikataa, nimetoka kujifungua juzi.

Mama kafika, Leonce mgongoni, uji mkononi. Nikamweleza. Nilitegemea maneno. Kauliza tu:

“Jua halitoshi?”

“Kwa huyu halitoshi, bibi,” Sista Zulfa kamjibu taratibu.

Mama kamfungua Leonce, kaniwekea mapajani. Kakunja mkono wa gauni.

“Basi nipimeni mimi.”

Kaingia maabara. Naandika kwa mkono mmoja. Careen kalia — kilio chembamba, lakini kalia! Sista anaosha mikono.

Mlango umefunguliwa. Mama huyo, kabana pamba kidoleni, anasema kwa sauti wodi nzima isikie: ni O, kitanda cha kutolea damu kiko wapi —