Makande ya Wifi

25 Desemba

Eti makande mepesi! Wifi yangu Neema, mke wa kaka, kaja kutoka Dar na somo lake la afya, kanitoa jikoni kwa mama yangu mwenyewe. Kila Krismasi makande ya kulia nyama ya mbuzi nayapika mimi: nazi mbili, mafuta kikombe kizima, mpaka sufuria inang'aa. Yeye kachemsha mahindi na maharage, katia kitunguu na chumvi ya kuhesabu, basi.

"Wifi, haya ni ya shule ya bweni," nikamwambia.

"Mama ana presha, wifi," akajibu kwa ule upole wake wa kuudhi.

Kana kwamba sijui! Mimi ndiye ninayempeleka kliniki kila mwezi. Mimi ndiye ninayeiona miguu yake inavyovimba, na naogopa. Lakini sikukuu ni sikukuu.

Nikangoja mama aisukume sahani. Akala, akaimaliza, akaomba tena. Nikajua tu, anamfurahisha mkwe.

"Miaka mingi sijala haya," akasema. "Mama yangu alipika hivi hivi. Nazi tungeitoa wapi huku mlimani? Nazi umetuletea wewe, ulipohamia Same mjini."

Kaka akacheka mpaka akapaliwa. Stahili yake.

"Sasa mbona hukusema, mama?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unajivunia sana, mwanangu. Ningekukatazaje?"

Nazi zangu mbili bado zimo kwenye kapu. Kesho nashuka nazo mjini, na asiniulize mtu.