Mkono wa Zubeda

Dranya, Jumanne

Leo mkono umenyooka. Tangu kidonda cha moto kifunge, kovu lilikuwa linavuta kiwiko cha binti yangu Zubeda. Niliogopa atabaki hivyo, halafu jembe atashika namna gani...

Mama mkwe alitaka tumkande na maji moto, kama mwanamke aliyezaa. Nesi akakataa: paka mafuta ya simsim, sugua pole pole na kidole.

Asubuhi nilisugua na nguvu kidogo.

"Mama, mimi si unga ya mandazi!"

Amina, dada yake, akacheka, akamwita kuku wa bawa moja. Zubeda akanyoosha mkono wote, akamzaba kofi.

Nilitaka kugombeza, nikashindwa. Amina analia, mimi nasema Alhamdulillahi. Masikini Amina.