Picha ya Kopenhageni Kwenye Kundi la Harusi

Columbus, Ohio

Kwako Kaka Ramadhani,

Shikamoo kaka. Ipokee hiyo kwanza, maana katika yote niliyokuletea safari hii ni hiyo tu isiyo na doa. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na watoto wa madrasa bado wanakujazia baraza mpaka unakosa pa kuweka miguu? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Uso ndio sina.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi. Nimeandika kwa sababu najijua. Nikikupigia simu nikasikia sauti yako, nitaanza kukutania, nitauliza habari za mvua, nitacheka, halafu nitakata kabla sijasema kilichonifanya nipige. Nimeshafanya hivyo mara nne tangu harusi ya binti yako Zuhura. Sasa barua hii nimempa Mama Salma, yule rafiki yangu wa Louisville mwenye duka la vyakula vya kwetu huko South End. Anakuja Tabora kumwona mama yake, na ameahidi kukukabidhi mkononi.

Kaka, wifi ameniambia ulichofanya kwa ajili yangu. Usimkasirikie, nilimbana mimi mpaka akasema. Ameniambia picha yangu ilipoingia kwenye kundi la kamati ya harusi, wazee waliokuwa wamekaa barazani kwako walipeana simu wakaitazama mmoja mmoja. Mimi huyo, niliyesema kazini wamenikatalia likizo, nimekaa juu ya mawe kando ya bahari ya Wazungu, miwani ya jua usoni, aiskrimu mkononi. Mwenyekiti akauliza, "Huyu si ndiye shangazi wa bibi harusi?" Nawe ukasema picha ni ya zamani. Wakaitazama tena. Ukaona hawajaamini, ukaapa.

Na kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa cha sare ya harusi. Kile kile mlichochagua mwaka huu, mkanitumia kipande changu ili nami niwe sare na wenzangu. Wazee wote pale walikuwa na wake zao ndani wamevaa kitambaa hicho hicho. Hakuna aliyekujibu, kwa heshima yako. Wifi anasema tangu siku hiyo ukitoka msikitini unapita njia ya nyuma, na kwamba ulifunga siku tatu mfululizo bila kumwambia mtu sababu. Yeye hakujua. Mimi nilijua ni kafara ya kiapo.

Wewe, uliyenichapa nikiwa na miaka saba kwa kusema nimekula wakati sijala, uliapa uongo kwa ajili yangu. Nikifikiria hilo natamani ardhi ipasuke.

Picha yenyewe sikuikusudia kwenu. Nilitaka kumtumia Mama Salma, tucheke. Kundi la harusi lilikuwa juu kabisa kwenye simu kwa sababu mchana kutwa mlikuwa mnatuma picha za maandalizi, nami nikabonyeza bila kusoma jina. Niliifuta baada ya dakika chache, ila dakika chache kwa kamati ya harusi ya Tabora ni nyingi sana. Kitambaa nacho nilikifunga kwa upumbavu wangu. Asubuhi ile nilijiambia, Tausi, hata kama hupo, vaa sare, uwe nao.

Sasa nikwambie nilifikaje huko. Kwanza, mimi si nesi. Nilikwambia ni nesi mwaka ule wa kwanza, na sikupata nafasi ya kurudi nyuma. Ninawatunza wazee majumbani mwao. Sasa hivi namtunza Bibi Inga, ana miaka themanini na tisa, anakaa Clintonville hapa Columbus. Namwogesha, namvisha, nampikia uji, namsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mama yake alizaliwa Kopenhageni, mji mkuu wa Denmaki, akahama na kuja huku akiwa msichana. Bibi Inga alitaka kuuona mji huo mara moja kabla hajafa, na mwanawe akapanga safari. Ikaangukia wiki ile ile ya harusi.

Hakuna aliyenikatalia likizo, kaka. Bibi Inga mwenyewe aliponisikia nikimtaja Zuhura alisema, "Nenda kwa binti yako, mwanangu atanisukuma." Mimi ndiye niliyesema hapana. Nikamwambia kwetu shangazi hana kazi kubwa harusini. Nilimwambia hivyo nikiwa namfunga vifungo vya sweta, nikamtazama machoni.

Nisidanganye tena, mji ni mzuri na nilifurahi. Kuna bandari ya zamani, nyumba nyembamba zimebanana ukingoni, ya njano, ya buluu, ya rangi ya matofali, na watu wamekaa chini miguu inaning'inia juu ya maji. Tulipanda mashua ya watalii inayopita chini ya madaraja mafupi mno, mwongozaji akawa anatuambia tuinamishe vichwa. Bibi Inga kwenye kiti chake hakuhitaji kuinama, akawa ananicheka mimi. Saa sita mchana tukaenda kutazama walinzi wa mfalme wakibadilishana zamu, vijana wamevaa kofia kubwa za manyoya meusi na jua linawaka, nikawaonea huruma. Tukaenda kwa sanamu ya nguva, ndipo ilipopigwa ile picha. Watu wanatoka dunia nzima kuja kumwona, kumbe ni kadogo, kamekaa juu ya jiwe kamegeuza uso pembeni. Nilimwambia Bibi Inga kwetu sanamu kama hiyo tungeiweka mezani. Akacheka mpaka nikamfuta machozi.

Kesho yake tukapanda mnara mmoja wa duara, wa kale. Huo hauna ngazi. Ndani kuna njia ya matofali inayozunguka kwenda juu, nasikia wafalme walikuwa wakipanda kwa farasi. Nikamsukuma bibi wa watu, natweta, napumzika, nasukuma. Karibu na kilele njia inakwisha, zinabaki ngazi nyembamba ambazo kiti hakipiti. Akaniambia, "Nenda uangalie, urudi unieleze." Nikapanda peke yangu. Nikaona mapaa mekundu, minara ya kanisa ya kijani, na mbali kabisa baharini mashine nyeupe za umeme wa upepo zimejipanga mstari. Simu ikatetema. Ilikuwa picha ya Zuhura, ameketi mkekani chumbani kwako, mikono imejaa hina, na kando yake kungwi wa kukodi. Pale penye kungwi ni pangu. Kwetu shangazi ndiye humfunda mwali, humkalia ndani siku tatu, humshika mkono kumtoa nje. Unajua, na wazee wanajua, ndiyo maana waliuliza.

Nililia juu ya ule mnara mbele ya watalii. Niliposhuka Bibi Inga akauliza nimeona nini. Nikamwambia kuna ukungu, sikuona kitu. Alikuwa amevuka bahari nzima kuja kuuona mji wa mama yake, nami nikamnyima hata maneno, kwa sababu nilikuwa najihurumia.

Kwa nini sikuja? Kaa chini kama umesimama. Idrisa aliniacha. Talaka yangu nilipewa miaka miwili iliyopita. Alihamia Buffalo, ameoa, wana mtoto. Mimi nikahama nyumba yetu nikapanga chumba Linden, mtaa ambao kodi inalipika. Kila ulipoulizia hali yake nilisema yuko kazini, anakusalimu. Salamu zote ulizopata kutoka kwake nilizitunga mimi. Hata ile dua ndefu aliyokuombea ulipolazwa, niliitunga nikiwa kwenye basi.

Ningemfunda nini mwali wa watu? Ningejifungia naye siku tatu nikimweleza mume anavyotunzwa, na wa kwangu ameshaondoka, na sufuria zangu mbili amebeba? Nilihisi nikifungua kinywa tu, kila mwanamke chumbani ataniona. Nikakimbilia Kopenhageni kutazama sanamu.

Wiki iliyopita Zuhura alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi, nakuandikia kama alivyosema. "Shangazi, kungwi alinifundisha vizuri. Kupika, kujipamba, kunyamaza. Lakini mimi nilikuwa nakungoja wewe. Nilimpigia mjomba Idrisa kumwalika, akaniambia mwenyewe kuwa mlishaachana. Sikumwambia baba, niliogopa. Nilikungoja kwa sababu kulikuwa na swali kungwi hawezi kulijibu. Mtu akiachwa, kesho yake anaamkaje?"

Basi mtoto alijua. Alikaa mkekani na hina yake, akanisikia nimekataliwa likizo, akaiona picha yangu, naye anajua, na bado akaninyamazia. Wewe ukaapa, yeye akanyamaza, nyote wawili mnanifunika mimi na aiskrimu yangu. Zuhura nitampigia Jumapili. Nitamweleza nilivyoamka siku ile, bila kuongeza wala kupunguza, na kama ni kulia tutalia.

Bibi Inga naye nimeshamwambia. Jana nilipomaliza kumchana nywele nilimweleza mapaa, na minara, na zile mashine baharini, nikakiri kuwa ukungu haukuwepo. Akaniambia nianze tena kuanzia mwanzo, polepole.

Ninachokuomba, kaka, ni kizito, na najua sina haki ya kukuomba hata maji. Siku wazee watakapokaa barazani kwako, wasomee barua hii. Ukiona haya, mpe mwenyekiti aisome yeye. Wajue kuwa uliapa kwa ajili ya dada yako, na kwamba dada yako ndiye aliyekutia katika hali hiyo. Ukiificha, uongo unabaki wako. Nataka urudi kupita njia ya mbele ukitoka msikitini.

Nisalimie wifi, mwambie kunifichulia siri hakukuharibu kitu. Nisalimie kungwi aliyekaa mahali pangu, mwambie nashukuru kwa hina, ilipendeza. Nisalimie mwenyekiti wa kamati na mkewe. Mkwe wetu mpya mpe mkono wangu, sijamwona ila kwa picha. Na wazee wakishasikia yote wakakuuliza mume wa dada yako yuko wapi, nakuomba, kaka yangu, usinitetee. Sema yuko Buffalo kwa mkewe.

Mdogo wako,
Tausi