Marashi Katikati ya Wimbo

Mwalimu wangu, Bi. Anjelina,

Ungekuwa hai ungeniuliza kwanza kama nimekula, halafu kama nimefanya mazoezi. Nimekula muhogo na dagaa, maana mchele wa foleni wiki hii haukutufikia. Mazoezi nayo nimefanya. Leo tumesoma arobaini yako, watu wametawanyika, nimebaki peke yangu uani kwako, nikaona nikuandikie. Kila nikijaribu kumsimulia mtu siku ya maziko naishia kulia, na wewe hukupenda mtu asimulie huku analia. "Lia kwanza, umalize, kisha useme." Nimeshalia.

Chumba chako cha juu wamepewa watu wengine, mume na mke na watoto wao. Ni watu wema. Piano yako tumeihamishia shuleni, pamoja na zile funguo zake mbili mbovu, na watoto wanazigombania hizo hizo mbovu. Mzee muoka mikate wa pale kona anasema tangu ufe mikate yake inaungua, kwa sababu alizoea kuitoa tanuuni unapoanza kupandisha sauti baada ya alasiri. Namwambia anunue saa. Ananiambia saa haiimbi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuogopa? Kabla sijakuona nilikuona ukutani. Mama yako alitundika picha yako karibu na ya Bikira Maria, umevaa gauni la malkia na taji kichwani, na sisi watoto wa Mkunazini tuliamini nyinyi wawili ni ndugu. Binti wa fundi seremala, aliyetoka kwaya ya kanisa akapelekwa Ulaya kusomea sauti, akasoma mpaka akaimba opera, ule mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba tu tangu mwanzo hadi mwisho, tena bila kipaza sauti, na ukumbi mzima unawasikia. Uliporudi, mwaka uliofuata Mapinduzi, ulikuja kumuuguza mama yako tu. Mama hakupona, nawe hukuondoka. Huko walikuwa bado wanakutaka. Nilipoanza kujifunza kuimba kwako na kukuuliza unangoja nini hapa, ulinijibu, "Nnataka nisikike kwetu. Kwa watu nshasikika."

Kwetu hakukuwa rahisi. Mara ya kwanza ulipoimba ukumbini, watu walikaa kama wako kwenye mtihani, wakapiga makofi kwa adabu, wakaenda zao. Kisha Bi. Mwanaidi, jirani aliyepokezana nawe usiku na mchana kumuuguza mama yako, akakualika harusini kwa binti yake, mtaani Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wetu. Ulisimama katikati ya wanawake, ukaanza wimbo wako wa Kiitaliano. Wengine walichekea kwenye kanga. Halafu kicheko kikakatika. Sauti ilipoanza kupanda, Bi. Mwanaidi akainuka na mrashi wake wa fedha, akakujia kwa maringo yote, akakunyunyizia marashi usoni, kama tunavyomfanyia mwimbaji aliyetugusa.

Ukanyamaza. Ukatoa leso ukajifuta.

Mwalimu, sijapata kusikia kimya kama kile. Mwimbaji anayejifuta marashi na kunyamaza ni kama amerudishia watu zawadi yao. Bi. Mwanaidi alirudi kukaa, mrashi mkononi, na kesho yake mji mzima ulikuwa unajua kwamba Ulaya imekupa kichwa. Hukualikwa tena popote. Bi. Mwanaidi akawa akikuona kichochoroni anapita kingine. Hilo ndilo lililokuuma, nilikuona. Ulipofungua mdomo kulisema, ulisema maneno machache tu: "Desturi naijua, Salome, nimezaliwa nayo. Akili ilijua. Koo ndilo halikujua."

Mtu mwingine angefunga sanduku akarudi alikopendwa. Wewe ulikwenda sokoni ukanunua mrashi wa bati, ukaujaza maji ya bomba pale mferejini, ukanipa. "Nikifika juu, nimwagie. Usinionee huruma." Nilikuonea huruma mara ya kwanza, ukanifokea. Mara ya pili ulipaliwa, ukakohoa mpaka macho yakawa mekundu. Majirani walijitokeza madirishani kutazama mwanamke mzima aliyewahi kuwa malkia akimwagiwa maji na msichana wa shule, wakasema maskini, sasa amechanganyikiwa. Wewe ukanyoosha shingo ukaanza upya. Mvua za masika zilitukuta tukiendelea, nawe ukafurahi, ukasema sasa Mungu mwenyewe anasaidia kumwaga. Nimekusikia ukiimba mengi, na wanaojua wanasema huko Ulaya uliimba makubwa zaidi, lakini mimi heshima yangu kwako ilizaliwa pale uani, nguo zimekulowa, sauti imenyooka.

Bi. Mwanaidi alipoozesha binti yake wa pili, ulikwenda bila kualikwa. Nilikufuata nikijificha nyuma yako, maana kufukuzwa mlangoni mbele ya wanawake wa Ng'ambo si jambo la kusahaulika. Ukapiga hodi, ukasema, "Shikamoo, Bi. Mwanaidi. Nimekuja kumaliza wimbo wangu." Akautazama mrashi wake. "Marahaba," akasema. "Haya, umalize."

Ukaanza. Ulipofika pale pale, akainuka. Safari hii hakunyunyiza, alimwaga, tena kwa makusudi, anakujaribu. Nyuma yake wakapanga mstari wengine, wakakuchomeka vikuba, vile vishada vya asumini, kwenye nywele, mwingine sikioni, na marashi yanakudondoka kidevuni, nawe umeishika sauti ile ile, hukupepesa jicho, mpaka wa mwisho akapita. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nilijivuna kana kwamba nimeimba mimi. Tangu siku ile ukawa wetu. Waliokuwa nacho na wasiokuwa nacho wakakuita, na ukawaitikia wote, na kote ulisimama vile vile ulivyotufundisha, kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa nikwambie ya maziko.

Walinitaka nikuimbie. Nilisimama mbele ya jeneza lako. Nikakumbuka ulivyokuwa ukituambia, "Mtu wa nyuma naye ana masikio," nikatazama nyuma kabisa. Mlangoni walisimama majirani Waislamu, hawakuingia, na mbele yao Bi. Mwanaidi na bakora yake. Nikaanza wimbo wako. Wimbo ulipokuwa unakaribia kupanda, nikamwona anampa mwenzake bakora, anaingia. Akaja polepole katikati ya mabenchi, mrashi mkononi. Marashi siku hizi hayapatikani madukani hata kwa dawa. Baadaye niliambiwa yalikuwa yale yaliyobaki chini ya chupa, aliyaweka kwa ajili ya maziko yake mwenyewe. Padri alimwona, akainamisha kichwa, akamwachia njia.

Alininyunyizia usoni. Kisha akakugeukia, akakumwagia yote yaliyobaki, juu ya jeneza, mpaka mrashi ukawa mkavu.

Sikukatiza, Mwalimu. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu. Machozi na marashi vilichanganyika, na sauti ikapita katikati yake. Sikujifuta. Yalikauka yenyewe tulipokuwa tunakupeleka makaburini.

Wanafunzi wako ninao mimi sasa, na mrashi wa bati bado upo, umeshika kutu kidogo mdomoni. Wanalalamika wanalowa. Nakuahidi hakuna hata mmoja atakayetoka hapa uani bila kumwagiwa, na siku nikisikia mmoja wao amesimama harusini akajifuta, nitakwenda mwenyewe kumrudisha.

Lala, Mwalimu. Nitaendelea kumwimbia mtu wa nyuma, na sasa wa nyuma kabisa ni wewe.

Mwanafunzi wako,
Salome