Maria wa Kijani wa Kaku Mianda

Jumapili, 14 Machi 1993

Misa imejaa nusu. Upande mmoja wa kanisa watu wa Kasai, upande mwingine watu wa Katanga — na hakuna aliyepanga! Tumejikuta tu. Bibi yangu, Kaku Mianda, angesimama katikati na kutugombeza wote. Tumemzika mwezi uliopita na matanga yake bado hayajaondolewa.

Mama hataki kuvua kitambaa cheusi mpaka maisha ya Kaku yasemwe mbele ya watu. Mtaani kwetu maisha ya marehemu hayasemwi na ndugu, maana ndugu wanapamba. Yanasemwa na jirani. Na jirani ni Mama Mado, nyuma ya ukuta wetu. Ila yeye ni Mkatanga. Tangu redio ianze kusema sisi Wakasai turudi kwetu, hatusalimii. Kwetu wapi? Mimi nimezaliwa hapa Kolwezi.

Jumatano, 17 Machi

Najaribu kuyapanga mwenyewe maisha ya Kaku, endapo Mama Mado hatakuja. Nashindwa! Baba anasema alikuja Kolwezi kwa treni, enzi mgodi unatafuta watu Kasai. Mama anasema alikuja kwa miguu, akimfuata babu Kankolongo. Wamebishana mpaka bukari, ugali wetu, imepoa. Kaku mwenyewe aliwahi kuniambia yote mawili.

Ninachokijua mimi ni udongo. Kila Desemba aliwatoa sandukuni watu wa udongo wa pango la Noeli, akawaloweka kwenye beseni mpaka wakawa tope, akawafinyanga upya huku anasali rozari. Hakuwachoma kamwe. Kila mwaka sura mpya za mtaani: mchungaji ni muuza mkate, mfalme amevaa kofia ya mgodi. Maria tu ndiye hakubadilika — sura ya Mama Mado, miaka yote. Joho lake la kijani, jiwe la shaba la mgodi wa Mutoshi lililotwangwa kinuni. Padri alitaka buluu. Kaku akamjibu, "Mungu alitiaka rangi gani mu udongo ya hapa, mon père? Basi."

Yesu alipata sura ya mtoto aliyezaliwa mwaka ule. 1972, Dodo wa Mama Mado. Mwaka uliofuata, mimi, msichana! Padri alitazama mara mbili.

Anayefinyangwa sura haruhusiwi kusogea wala kusema. Anayesema ni Kaku. Kila Desemba Mama Mado alikaa pale akimsikiliza. Anajua yote yule.

Jumatatu, 22 Machi

Baba amerudishwa nyumbani kutoka lango la kazi. Hakupewa hata sababu.

Nimemkuta Mama Mado bombani. Nikamkumbusha matanga. Akaangalia ndoo yake. Akasema mume wake amemkataza kukanyaga kwetu. Halafu akanipa zamu yake ya maji, akaondoka na ndoo tupu! Sasa nielewe nini? Adui anakupa zamu ya maji?

Alhamisi, 25 Machi

Wamekuja mchana, vijana wa vitambaa vyekundu, wale wanaofukuza Wakasai. Aliyevunja mlango ni Dodo. Yesu wa 1972 ametuvunjia mlango!

"Fidélie, mutoke sasa. Bengine banakuya nyuma, beko bakali." Hakunitazama. Alikuwa anatufukuza au anatuonya? Mlango aliupiga kwa nguvu kweli.

"Dodo," Mama akasema, "mi nilikuogeshaka."

Tumetoka na magodoro na sufuria. Sanduku la udongo limebaki chini ya kitanda cha Kaku. Nilitaka kurudi, Baba akanivuta. Nimelia njia nzima mpaka gare, stesheni ya treni. Watu wamepoteza nyumba, mimi nalilia udongo. Najionea haya.

Jumapili, 4 Aprili — Matawi

Bado tuko hapa gare. Watu juu ya watu, mashuka ndiyo paa. Surua inabeba watoto. Treni haiji.

Mama anarudia wimbo mmoja: "Mi sipande treni. Mama yangu hayasemwa bado." Leo nimesimama niseme mimi. "Kaku Mianda alizaliwa..." Nikakwama hapo hapo! Mama akanikata: mimi ni damu yake, nikae. Baba amekasirika. Anasema wafu watangoja, lakini treni haitangoja. Wote wawili wana haki, na hilo ndilo linanivuruga kichwa.

Alhamisi, 8 Aprili

Eti treni kesho. Hata jana walisema kesho. Mama hali chakula.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Imefika! Naandika juu ya goti. Baba amepigania nafasi, yuko behewani na magodoro. Mama amekaa kwenye kokoto, hanyanyuki. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemvuta mkono. Wapi!

Mama Mado!

Anapenya umati, Maria wa kijani amefungwa mgongoni kwa kitenge. Nyuma yake Dodo na sanduku kichwani, bila kitambaa chekundu. Watu wamemtambua. Mzee mmoja ameokota jiwe. Simlaumu. Hapana, namlaumu. Sijui!

Mama Mado amemweka Maria mapajani mwa Mama. Amevua viatu. Amepaza sauti: "Batata, bamama, musikie. Mianda alizaliwaka karibu na muto Lubilanji..." Na mzee bado ana jiwe mkononi, lakini anasikiliza.

Kumbe wote walisema kweli! Kaku alitembea mpaka kwenye reli, akapanda, akashushwa, akatembea tena, akapanda tena.

Honi. Baba ananyoosha mkono mlangoni, anaita jina langu. Dodo ananiuliza aweke sanduku wapi, behewani au hapa chini. Mama ameshika ncha ya kitambaa cheusi, hajakifungua. Mama Mado hana haraka hata kidogo. Honi tena. Katika masimulizi, Kaku ndiyo kwanza anashuka hapa hapa Kolwezi, msichana wa miaka kumi na minane, na babu hajafika kumpokea —