Mitungi Kumi Isiyoandikwa

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa

Mpendwa Dada,

Pokea shikamoo yangu kabla hata hujaketi. Goti linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza ngazi, nami nakujua, ukikatazwa kitu ndipo unapokitamani, kwa hiyo sitakuuliza kama umemtii. Na shemeji, mgongo wake umepoa? Mimi ni mzima, presha iko pale inapotakiwa, na usingizi nilioupoteza umerudi wenyewe bila dawa.

Naanza na lililo kubwa ili ushushe pumzi: sijafukuzwa kazi. Ile barua niliyokuandikia wiki sita zilizopita, washia jiko. Niliiandika roho ikiwa mkononi, na sikukueleza sawasawa kwa sababu niliona aibu. Leo nakueleza yote.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Kiwanda chetu kinajaza oksijeni kwenye mitungi, na mimi kwa miaka ishirini na miwili ndiye ninayekaa kwenye kile chumba cha dirisha moja kinachotazama uwanja wa kupakilia, nikiamua lori gani liende wapi na mitungi mingapi. Malori ni matano, hospitali na kliniki ni thelathini na moja. Kila asubuhi naandika orodha, madereva wanazichukua, mlinzi wa getini anahesabu mizigo, malori yanatoka. Kwangu mtu akikosa mtungi si sawa na kukosa soda dukani. Kuna mgonjwa kitandani.

Mwezi wa sita meneja akatuletea mtaalamu wa hisabati. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Akaingia binti aliyevaa raba, begi mgongoni, rika la kitinda mimba wako. Madereva walimbandika jina la Bi Hesabu kabla hajamaliza kikombe cha chai. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepanga zamu za manesi katika hospitali moja kubwa, na kabla ya hapo tanuri za kiwanda cha mikate, ipi iwashwe saa ngapi. Nami, Mungu anisamehe, nilimpa kile kiti chenye mguu mfupi. Alikikalia siku mbili bila neno. Siku ya tatu akakunja karatasi, akaiweka chini ya ule mguu, akaendelea na kazi. Hapo nikaanza kumheshimu kidogo.

Alichokuja kutengeneza anakiita modeli. Usiogope neno, nami liliniogopesha. Chukulia una ndugu thelathini wa kuwatembelea kwa siku moja, mmoja hafungui mlango kabla ya saa nne, mwingine anataka zawadi nzito, na barabara ya kwa mwingine haipitiki mvua ikinyesha. Ungeanzia kwa nani? Mimi nilikuwa nafanya hivyo kwa kichwa. Yeye anageuza kila mtaa, kila lori, kila mtungi na kila saa kuwa hesabu, halafu kompyuta inajaribu mipango maelfu kwa maelfu mpaka ipate ule ambao magari yanazunguka kidogo kabisa na hakuna anayepungukiwa. Inakokotoa kwa dakika kumi na moja. Mimi ilinichukua miaka ishirini na miwili, na bado Jumatatu zilikuwa zinanishinda.

Basi akaomba vitabu vyangu vya miaka sita. Nikampa kwa maringo. Humo hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa kwamba hospitali fulani ilipungukiwa. Alivisoma wiki nzima, halafu akanijia akasema vitabu vyangu ni safi mno. Nikamshukuru. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ananisifu.

Wiki saba zilizopita mpango ukatoka. Malori yapungue yawe manne, kila moja lijazwe mpaka nafasi ya mwisho. Kliniki ya kilimani, ile tuliyokuwa tukiifikia kila siku, ipelekewe mara mbili kwa wiki, kwa kuwa vitabu vinasema haijawahi kupungukiwa. Meneja alifurahi akausaini pale pale, akaamuru kazi ianze Jumatatu ya wiki inayofuata. Bi Hesabu hakufurahi. Alinifuata chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniuliza taratibu:

"Mama, kuna kitu hakimo humu?"

Nikamwambia hakuna. Nilimdanganya mtoto wa watu nikimtazama machoni.

Kilichokuwa hakimo ni hiki, Dada. Kila lori letu lilikuwa linatoka na mitungi miwili zaidi ya orodha. Dereva mzee kuliko wote, tunayemwita Babu Breki kwa sababu hata kuku akiwa ng'ambo ya barabara yeye anasimama, ndiye aliyeipa jina la wageni. Hospitali ikipungukiwa, dereva anawaachia mgeni mmoja, kesho yake anauchukua mtupu na kuleta mwingine, na kitabuni hakiandikwi kitu. Mimi ndiye niliyeuanzisha mchezo huo, miaka kumi na moja iliyopita, siku nesi mkuu wa kilimani aliponipigia simu akiwa na watoto wachanga wawili na mtungi mmoja, na mimi sikuwa na lori karibu. Lilifika kabla mambo hayajaharibika. Lakini ile sauti yake sikutaka kuisikia tena maishani mwangu.

Utauliza kwenye hesabu ya ghala niliificha wapi mitungi kumi. Niliiandika kuwa iko kwenye matengenezo. Hakuna mitungi duniani iliyotengenezwa kwa muda mrefu kama ile. Na mlinzi wa getini, akifika kwenye ile miwili ya mwisho, siku zote alikuwa anashikwa na kikohozi.

Hata hivyo miaka mitano iliyopita mitungi kadhaa iliibwa, na meneja akatoa amri kwa maandishi: mtungi ukitoka getini bila kuandikwa, aliyeutoa ataufuata na asirudi. Niliisaini amri hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na kesho yake asubuhi nikatoa wageni kumi kama kawaida. Nilijiambia nasaidia watu. Kweli nilisaidia, lakini pia nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua, nisikufiche.

Ijumaa kabla ya mpango mpya kuanza, Babu Breki akaja dirishani kwangu na kofia mkononi. Akaniuliza wageni watakaa wapi, maana amepima lori lake na halina nafasi hata ya ndoo. Akasema yeye ni wa kushika usukani tu, mwenye kujua ni mimi, akaenda zake. Jumamosi ndipo nilipokuandikia ile barua. Nikinyamaza, kliniki ya kilimani itabaki siku tatu bila lori na bila mgeni, na vitabu vyangu mwenyewe ndivyo vitakavyokuwa vimewaua. Nikisema, nimejifukuza kazi nikiwa na miaka minne kabla ya kustaafu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, Dada, na wewe uko mbali.

Jumatatu asubuhi malori yalikuwa yamekwisha kupakiwa, injini zinaunguruma. Nikapiga moyo konde, nikatoka nikasimama mbele ya lori la kwanza, nikawaambia wazime. Kisha nikapanda kwa meneja. Bi Hesabu alikuwa humo humo na kompyuta yake. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nikamwaga yote, wageni, matengenezo, kikohozi cha mlinzi, mpaka ule uongo niliomwambia binti wa watu. Wakati nasema nilikuwa natazama kalenda ukutani, si wao.

Meneja hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuchukua ule mpango wake, akaitazama saini yake, akasema, "Vifo hivyo ningekuwa nimevisaini mimi." Akaamuru siku hiyo malori yatoke kwa orodha ya zamani, wageni wakiwamo, na mimi nirudi chumbani kwangu ningoje uamuzi.

Bi Hesabu alinifuata kwenye ngazi. Nilidhani ananifuata kunisema, na angekuwa na haki. Yeye akataka kujua jambo moja tu: wageni waliachwa mara ngapi, na wapi. Nikamwambia haikuandikwa. Akaniambia lazima kuna mtu anayejua.

Alikuwepo. Babu Breki tangu apewe lori lile alikuwa anachora mkwaruzo mmoja kwa msumari, ndani ya mlango wake, kila anapomwacha mgeni kilimani. Binti alipiga magoti kwenye vumbi la uwanja akaihesabu: themanini na minane. Dereva wa njia ya reli alikuwa na mafundo kwenye kamba ya kufungia mizigo, thelathini na moja, mengi kwa ajili ya hospitali ya watoto. Wengine wawili walikumbuka kumi kwa pamoja, wakabishana mpaka chai ikapoa. Na yule wa njia ya bondeni, Dada, alikuna kichwa akasema wageni wake hawajawahi kushuka. Miaka kumi na moja nimekuwa nikitembeza mitungi miwili bondeni na kuirudisha, huku kilimani wakiihitaji. Hilo liliniuma kuliko ile amri. Nilidhani moyo wangu mwema unatosha kugawa.

Siku tatu zilizofuata nilipanga safari za malori kama mtu anayejichagulia sanda. Alhamisi meneja akaniita. Akanipa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka yangu yote, na akanitaka niisome kwa sauti. Nikaisoma. Ilisema nikirudia nitafukuzwa, na chini yake ikasema kuanzia siku hiyo kila mtungi wa akiba uandikwe kwa jina langu kama msimamizi. Nilipofika mwisho machozi yalikuwa yamekwisha lowesha kola. Akanisukumia kitambaa chake, akaniambia nikakitoe kile kikosi cha wageni kwenye matengenezo.

Modeli ikarudiwa ikiwa na ukweli. Safari hii ilisema malori yabaki matano, lakini la tano litoke asubuhi tu. Kilimani wapelekewe kila siku, na mitungi mitatu ya akiba ikae kule kule. Hospitali ya watoto ibaki na miwili, lori la Babu Breki libebe miwili, na mitatu iliyobaki irudi kazini, maana haikuwa inamsaidia mtu. Hata hivyo magari yanazunguka kidogo kuliko zamani, na madereva wanarudi saa tisa badala ya saa kumi na moja. Wake zao wameanza kulalamika kwamba wanawaona mno.

Nilimwomba Bi Hesabu msamaha, kwa uongo na kwa kile kiti. Akacheka, akasema kuhusu kiti alijua siku ya kwanza. Kuhusu uongo akasema, "Mama, mashine haiwezi kukuuliza mara ya pili. Mimi ningekuuliza tena." Ni mtoto mwenye adabu, ungempenda.

Sasa sikiliza hili. Jumanne iliyopita nilifungua karatasi za kilimani, nikakuta nesi mkuu ameandika kwa mwandiko wake wa haraka kwamba Jumapili walipata wagonjwa wanne kwa mpigo, wakatumia mitungi miwili ya akiba, wote wanaendelea vizuri, tafadhali jaza. Basi. Yamepita nami nikiwa hapa nyumbani nafua. Nilikaa chini nikashika ile karatasi, na nilichokisikia moyoni ni kama mtu aliyetuliwa mzigo alioubeba mpaka akasahau kuwa anaubeba.

Kuna jambo nililokudanganya na wewe, na siwezi kuwaungamia wengine wote nikakuruka. Harusi ya binti yetu sikuja, nikasema mguu. Ulipofanyiwa upasuaji sikuja, nikasema homa. Arobaini ya mama nilikuja asubuhi nikaondoka jioni, na hujawahi kuniuliza. Mguu ulikuwa mzima, Dada. Sikuwa na homa. Nilikuwa siwezi kutoka, kwa sababu nisipokuwepo hakuna aliyejua lori lipi lina nini, na sikuweza kumwambia mtu. Miaka kumi na moja sijachukua likizo hata moja.

Nimeichukua. Siku ishirini na nane. Mwenzangu wa ofisi amekwisha kupanga safari wiki nzima bila kuniuliza kitu, na tiketi yangu ya basi iko hapa mezani, Jumamosi ya tarehe 27. Usihangaike kupika. Nikifika nitakukanda hilo goti, na sitaangalia saa.

Msalimie shemeji na mgongo wake. Msalimie bi harusi wetu, umwambie shangwe nilizomnyima nitamlipa mwenyewe kwa mdomo wangu. Kitinda mimba mpige busu hata kama atakimbia. Mwenyezi Mungu akutunze mpaka nikufikie, na baada ya hapo nitakutunza mimi.

Mdogo wako akupendaye, aliyechelewa,
Chiriku