Pipa Lililosuguliwa

Jumatatu, 4 Mei

Jua, mvua, jua, mvua — siku moja! Asubuhi maji ya bwawa kubwa la kufugia kamba yalikuwa ya kijani safi. Jioni, rangi ya chai ya maziwa. Mwani umekufa, umezama kwenye tope, na huko chini bakteria wabaya wanajilia tu. Nimemwaga chokaa ukingoni mpaka mikono inawaka. Kesho zamu ya bakteria wangu wazuri. Wamelelewa kwa molasi pipani, wananuka uchachu mtamu kabisa. Kamba wakivuka mvua hizi, tunavuna mwisho wa mwezi. Bwawa dogo lilishakufa. Kaka amesema wazi: hili nalo likienda, anazima mashine za bwawa na kurudi kwenye lori la masafa marefu. Wanawe ndio kwanza wamezoea kumwona mezani!

Jumanne, 5 Mei

Sijui nicheke au nilie. Nimefika na ndoo zangu — pipa linang'aa. Tupu! Kaka kasimama pembeni, brashi mkononi, anasubiri asifiwe. Eti molasi imeoza, harufu inafika jikoni, wifi kalalamika, akaona anisaidie. Kamwaga yote mtaroni, kasugua kwa klorini. Klorini! Nusura nimtumbukize yeye. "Si wewe unayesema kila siku tuue bakteria?" ananiuliza. Wabaya, kaka! Wabaya! Hao wengine ndio wanaowabana! Akasema angejuaje, wote hawaonekani.

Nimesuuza pipa weee, mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Maji mapya, molasi mpya, na mbegu kidogo ya bakteria iliyobaki kwenye chupa. Ikiumuka, nitaisikia puani. Ikiwa klorini bado imejificha humo, basi.

Jumatano, 6 Mei

Mvua. Nimevuta trei ya chakula kutoka majini, imepanda na chakula chote. Kamba hawali. Pipa kimya — hakuna povu, hakuna harufu. Kaka nimemnunia. Ameniletea chai mwenyewe, nikainywa bila kumtazama.

Alhamisi, 7 Mei

Asubuhi jua la kuchoma, sasa wingu jeusi. Naandika nimekaa juu ya ndoo. Mashine za kupiga maji yapate hewa zinazunguka zote, na bado kamba wanakuja juu ukingoni, wanatafuta hewa. Nimevua wachache: wanaruka, wana nguvu. Muda upo, ila si mwingi. Nikakimbilia pipani — kaka katangulia! Kichwa chote ndani. Yule yule aliyekuwa akipita hapa kaziba pua! Nikamwuliza anafanya nini.

"Nanusa."

Akatoa kichwa, molasi puani, macho mekundu.

"Dada, mbona hainuki?"

Hasira nilizokuwa nazo sijui zilikwenda wapi. Nimemhurumia mpaka nikaumia. Nikamwambia asubiri kidogo, huenda bado. Matone yameanza kugonga bati. Wifi anaita kutoka jikoni, anauliza kama tunakula. Kaka karudisha kichwa pipani.